Barua kwa Mwanangu: Kikombe cha Ngara

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko Mwanza? Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu sana, na goti lake limepoa. Juzi uliniuliza kwenye simu: "Mama, mtu anafunga safari mpaka Kigali kwenda kutazama makaburi?" Nilikujibu nusunusu, vocha ikakata. Leo nimekaa barazani na daftari, nikujibu inavyopasa.

Gari unalifahamu, ile Hiace iliyokuwa ikibeba abiria. Baba yako aling'oa viti vyote vya nyuma, akaunda kitanda cha mninga, na chini ya kitanda masanduku mawili, la nguo na la vyombo. Mimi nikashona mapazia ya kitenge. Tukapakia jiko dogo la gesi, madumu ya maji, mawese na dagaa, basi nyumba ikawa tayari. Majirani wanaliita gari la kulala. Kigali tulilipa kidogo tu kuegesha kwenye ua wa nyumba ya wageni na kutumia bafu lao, usiku tunafunga mlango wetu wenyewe.

Njia ni Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, kisha Benaco hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Ukivuka hapo saa yako unairudisha nyuma saa moja, na gari unalihamishia upande wa kulia wa barabara. Baba yako alibandika karatasi mbele ya usukani, ameandika KULIA kwa herufi kubwa. Hata hivyo kwenye kiplefti ya kwanza mkono ulimpeleka kushoto kwa mazoea ya miaka 40. Nikapiga kelele kwa Kiha, na kijana wa pikipiki aliyekuwa mbele yetu akageuka kwa sababu alinielewa. Kinyarwanda na Kiha ni ndugu wa karibu, mwanangu. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu mpya Ngara. Tarehe 28 Aprili watu kutoka Rwanda walianza kuvuka daraja la Rusumo, na ndani ya saa 24 walikuwa wameingia kama 250,000. Robo milioni! Barabara haikuonekana, ilikuwa vichwa na magodoro tu. Tuliacha kufundisha, tukachota maji. Mzee mmoja aliniomba maji kwa lugha yake nami nikamjibu kwa yangu, tukaelewana neno kwa neno. Alikunywa, akashukuru, akapita. Nilikuwa na kikombe kimoja cha bati, wakakipokezana wote.

Baadaye ndipo tukajua kwamba ndani ya umati ule, pamoja na akina mama na watoto waliokuwa wakikimbia vita, walikuwamo pia watu walioua Watutsi. Na waliouawa walikuwa wakipita chini ya daraja lilelile, mtoni Kagera. Yule mzee alikuwa nani? Sikumjua, wala sitamjua. Nimeishi na swali hilo tangu kabla hujazaliwa, na ndilo lililonipeleka Kigali. Wale wa juu ya daraja niliwaona kwa macho yangu. Wale wa mtoni sikuwahi kwenda kuwapa pole.

Kumbukumbu ya Gisozi, hapo Kigali, ipo juu ya kilima, ilifunguliwa 2004, mwaka wa kumi tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Pale wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Nilipoisikia hesabu hiyo nilimshika baba yako mkono. Ni robo milioni nyingine.

Ndani unapita polepole. Kuna chumba cha picha za familia zilizoletwa na ndugu, zimening'inizwa kama nguo kwenye kamba: harusi, ubatizo, watu wamesimama kando ya baiskeli. Chumba kilichonimaliza kipo juu, nacho ni cha watoto. Kila mtoto ana picha kubwa, na chini yake kibao kifupi. Nilisimama mbele ya binti mmoja. Umri wake miaka 12. Mchezo alioupenda, kuogelea. Chakula alichokipenda, mayai na chipsi. Kinywaji, maziwa na Fanta. Rafiki yake mkubwa, dada yake. Mstari wa mwisho unasema aliuawa kwa panga.

Wewe ulipokuwa na miaka 12 nilikuwa nakuita utoke majini pale Kibirizi, midomo imekuwa ya kijivu kwa baridi, na kitu cha kwanza kuomba kilikuwa chipsi mayai. Sikuweza kuendelea na kibao cha pili.

Tulirudi garini. Baba yako aliwasha jiko, akachemsha chai, akavuta pazia. Hatukusemezana mpaka alasiri. Hapo nilimshukuru Mungu kwa lile gari, maana hotelini ningelazimika kupita mapokezi, nisalimie, nitabasamu. Ukienda sehemu kama hizi, moja kwa siku inatosha. Usikubali wanaokupangia nne kabla ya chakula cha mchana.

Kesho yake tulikwenda Kambi ya Kigali, walikouawa askari 10 wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa tarehe 7 Aprili 1994. Wamesimamishiwa nguzo 10 za mawe, na kila nguzo ina mikato inayohesabu umri wa askari wake. Baba yako alihesabu mikato ya nguzo moja kwa kidole, akanyamaza. Matundu ya risasi bado yapo ukutani. Kwenye jengo la Bunge nako yapo.

Kwenye Nyumba ya Kandt, makumbusho ya hapo Kigali, baba yako alichangamka kidogo. Richard Kandt ni Mjerumani aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, wakati sisi na wao tulikuwa chini ya Wajerumani haohao. Jina la von Götzen, gavana wa Kijerumani, lilipotajwa, baba yako, mzee wa bandarini, alisimama wima: ndilo jina la kwanza la Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika! Alimweleza mwongozaji habari za Liemba mpaka nikamvuta shati.

Nyamata, kanisa ambamo nguo za waliouawa zimewekwa juu ya mabenchi, nilishindwa. Baba yako aliingia peke yake, mimi nikabaki garini na rozari.

Wenyewe kukumbuka wanaita kwibuka. Neno hilo sikuhitaji mkalimani.

Wakati wa kurudi tuliegesha upande wetu wa Rusumo, nikatembea hadi darajani. Maji ya Kagera ni ya udongo, yanapiga kelele sana kwenye maporomoko. Nilisema nilichokuwa nimekwenda kusema, kwa Kiha, halafu tukaondoka.

Disemba ukija, tengeneza pasipoti mapema. Baba yako ameshapima mbao za kitanda cha pili. Na kile kikombe cha bati cha bluu kilicho kabatini, ulichokuwa ukichezea maji ukiwa mdogo hadi nikakuchapa bila kukwambia sababu, ndicho hicho cha Ngara. Nisamehe kwa kofi lile.

Mama yako