Usiuze bangili kwanza

Mombasa, Alhamisi usiku

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, alhamdulillah, mtoto homa imemtoka. Nimeandika kwa sababu kwenye simu tutakatizana. Tangu nisikie sauti uliyonitumia sijalala. Uuze bangili za marehemu mama uingie mpango wa Mama Rukia, ule wa dhahabu ya Dubai? Subiri, nakuomba.

Mimi pia nilitaka kuingia. Zile elfu tisa alizolipwa niliziona kwenye simu yake. Lakini nikajiuliza: ninachokijua ni kipi, na nilichoambiwa ni kipi? Kalipwa, hilo nalijua. Biashara ya dhahabu Dubai nimeambiwa tu.

Nikashika biro, nikaandika kwenye karatasi iliyofungiwa mahamri, wino unakataa penye mafuta. Sharti ni kila anayeingia alete watu sita. Sita, 36, 216, 1,296... Duru ya nane ni watu 1,679,616. Shoga, sensa ya 2019 ilihesabu kaunti yetu nzima watu 1,208,333, na vichanga ndani! Duru ya kumi inapita milioni 60, na Kenya yote haikufika milioni 48. Nikasema labda nakosea, nikajaribu wawili badala ya sita. Duru ya 21 inapita milioni mbili. Inachelewa tu.

Bado elfu tisa zile zikanisumbua, na hapo ndipo nataka utulie. Mpango ukiwa wa kweli, Mama Rukia atalipwa. Ukiwa wa uongo, atalipwa vilevile, kwa pesa za waliomfuata, ili atuite sisi. Basi malipo yale hayatuonyeshi ni upi. Cha kuuliza ni hiki: mwezi mzima asipoingia mtu mpya, pesa itatoka wapi? Mchezo wetu wa Ijumaa najua: tuko kumi, kila mmoja elfu moja, mpokeaji anabeba elfu kumi, haizidi hata shilingi. Nilimuuliza Mama Rukia. Akasema nina wasiwasi. Sikumkasirikia, naye kaambiwa hivyo hivyo.

Wewe aliyekualika umemuuliza? Umeona karatasi yoyote ya hiyo biashara, au picha tu? Ukitaka pesa yako kesho, unarudishiwa? Na zile elfu tisa, Mama Rukia kazitoa, au karudisha ndani? Bangili ziko kwako bado, au sonara kashazipima? Nipigie Jumamosi kabla hujavuka feri, hata alfajiri.

Wako,
Mwanaisha