Barua ya wazi kwa washauri wa utengamao: Muulizeni mwenyewe

Wanangu mnaosomea ushauri nasaha na utengamao (kumsaidia mtu arudi kwenye shughuli zake) kwa watu wenye ulemavu, pamoja nanyi wakufunzi wao,

Nawaandikia nimekereka, na sitaficha. Katika mazoezi kwa vitendo kuna kosa linalojirudia nyumba kwa nyumba, na wanaolifanya si wavivu; ni vijana wenye alama nzuri darasani. Mwanafunzi anaingia uani, anamwamkia mama mwenye nyumba, anampa mkono jirani aliyekuja kushangaa. Mzee aliyepatwa na kiharusi amekaa karibu na mlango, mkono wa kulia umelala mapajani. Yeye hapewi hata shikamoo. Daftari linafunguliwa na swali la kwanza linakwenda kwa binti yake: "Mzee huwa anasikia maumivu?" Mzee anamtazama binti, anamtazama mgeni, halafu anatazama chini. Kila neno amelisikia.

Kiharusi hakimwondolei mtu umri wake wala nafasi yake ndani ya nyumba yake. Vivyo hivyo mwanamke wa miaka 30 mwenye mtindio wa ubongo anaitwa "mtoto" mbele ya macho yake, na mshauri mtarajiwa anaandika "mtoto" kwenye fomu bila kuinua kichwa. Wanangu, mkianza hivyo, hakuna nadharia ya ushauri itakayowaokoa. Mtu mliyemruka kwenye salamu hawezi kuwapa siri zake nusu saa baadaye.

Najua mnavyojitetea: "Hawezi kuongea." Basi jifunzeni namna ya kumuuliza mtu asiyeweza kuongea, maana huo ni ufundi na una hatua zake. Kiharusi kilichogusa upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi hudhoofisha upande wa kulia wa mwili na kuvuruga usemi, na wengi waliopatwa nacho wanaelewa kuliko wanavyoweza kusema. Kaa usawa wa macho yake. Zima redio. Uliza jambo moja, kwa sentensi fupi, halafu nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10 kabla ya kurudia, na ukirudia tumia maneno yale yale, kwa sababu ukiyabadilisha umempa swali jipya naye anaanza upya kulichambua. Kubalianeni alama ya ndiyo na alama ya hapana: kidole, kufumba macho, kutikisa kichwa, chochote anachokimudu. Alama hizo zijaribu kwanza kwa maswali ambayo majibu yake unayajua, mengine ya ndiyo na mengine ya hapana. Ukiona anakubali kila kitu, njia hiyo haijafaa. Hamia kwenye picha, maandishi, au onyesha kitu chenyewe. Na ukishindwa kuelewa, sema hujaelewa. Ukiitikia kwa kichwa kumbe hujaelewa, atagundua, na ataacha kujaribu.

Kuhusu msindikizaji, yaani ndugu anayemhudumia na kumsemea, simwambii mtu amfukuze mama wa watu nyumbani kwake. Mwambie kwa adabu: "Mama, nitakuhitaji baadaye kidogo. Kwa sasa naomba nimsikie mwenyewe kwanza." Kiti chako kielekee kwa mwenye ulemavu, msindikizaji akae pembeni, nyuma kidogo. Akijibu yeye, na atajibu, rudisha macho kwa mhusika: "Mama anaona hivi. Wewe unaonaje?" Gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili, upande mmoja maneno ya mhusika, upande wa pili maneno ya familia, na usiyachanganye unapoandika ripoti. Kisha tafuta muda wa kubaki naye peke yake, kwa ridhaa yake, mahali panapoonekana lakini pasiposikika. Habari za choo, pesa, ndoa, na kupigwa hazisemwi mbele ya anayempikia chakula.

Kwa kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama akae karibu nawe, ili kiziwi awaone wote wawili kwa pamoja, na dirisha lisiwe nyuma yenu, maana mwanga wa nyuma huficha uso. Mtazame kiziwi, usimtazame mkalimani. Usiseme "mwambie kwamba". Sema naye moja kwa moja. Na msimtumie mtoto wa nyumbani kuwa mkalimani. Mtoto wa miaka 9 hapaswi kumtafsiria mama yake maswali ya uzazi.

Sasa nije kwenye cherehani, maana hapo ndipo uvivu wa kuuliza unapozaa hasara ya fedha. Fungueni mafaili ya mipango mliyoandika. Ulemavu wa miguu: ushonaji. Kiziwi: useremala. Asiyeona: kufuga kuku. Ushonaji ni kazi ya heshima, na vyuo vya ufundi na marekebisho kama kile cha Yombo, Dar es Salaam, vimewafundisha watu ufundi kwa miaka mingi. Ninachokataa ni mpango ulioandikwa kwa kutazama kiungo kilichoathirika bila kumuuliza mwenye kiungo.

Chukueni kijana aliyeanguka juu ya mwembe akaumia uti wa mgongo, hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Mmempa cherehani ya kukanyaga. Nani atakanyaga? Mkimbadilishia ya kuzungusha kwa mkono, mkono mmoja umetoka kwenye kitambaa na kazi inapungua kasi. Ya mota inawezekana, lakini lazima umeme uwepo na swichi ya mguu ihamishwe mezani aibonyeze kwa kiwiko. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba mmemkalisha saa 8 kwa siku mtu asiyesikia uchungu wa kukaa. Vidonda vya mgandamizo huanzia kwenye mifupa ya makalio na juu kidogo ya tundu la haja, na kwa kuwa havimuumi, siku anapoambiwa vipo tayari vimechimba. Afundishwe kuinama mbele juu ya mapaja au kuegemea upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, akae hivyo dakika 2 hivi, si sekunde chache. Ajikague ngozi kwa kioo asubuhi na jioni. Doa jekundu, au jeusi zaidi kwa ngozi yetu, lisiloondoka maana yake asilikalie mpaka lipotee.

Na mto wa kitimwendo, yaani kiti cha magurudumu, upimwe kwa mkono. Kwa ruhusa yake, na afanye mtu wa jinsia yake aliyefundishwa, vidole vinaingizwa kati ya mto na mfupa wa kalio. Ncha za vidole zikiweza kucheza juu na chini kama nusu sentimita, mgandamizo unavumilika. Zikibanwa zisiweze kucheza, ingawa zinachomoka, kuna hatari. Zikikwama kabisa, mto huo haufai hata kama ni mpya. Sponji ya kawaida hulala upesi, kwa hiyo kipimo hiki kirudiwe.

Halafu mkojo. Wengi wenye jeraha la uti wa mgongo hutoa mkojo kwa mrija safi kila baada ya saa 4 hadi 6. Kwa hiyo popote mtakapompeleka kazini lazima pawe na choo ambacho kitimwendo kinapita, mlango usiopungua sentimita 80 za wazi, maji, sabuni na komeo. Pasipokuwepo, atafanya wanachofanya wengi: ataacha kunywa maji tangu asubuhi. Baada ya muda ni maambukizi ya njia ya mkojo, homa, kulazwa, na duka limefungwa. Ninyi mtaandika kwenye ripoti kwamba "mnufaika hakuwa na moyo wa kazi". Inaniuma kusoma sentensi hiyo. Mshauri ndiye ambaye hakuuliza habari za choo.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kabla ya kutaja fani yoyote, muulize siku yake inavyokwenda tangu kuamka hadi kulala: anaamka saa ngapi, kujisafisha na kwenda haja kubwa kunamchukua muda gani (kwa wengine ni saa nzima), nani anamsaidia na huyo naye ana kazi gani, anasafiri na nini, na daladala inamtoza nauli ya kitimwendo au haimpakii kabisa. Muulize alikuwa anafanya nini kabla, anapenda nini, anachukia nini. Anapotaja kazi, hata ukiiona haiwezekani, usiikatae. Nenda kwa anayeifanya. Simama naye asubuhi nzima kwa fundi simu au wakala wa pesa, andika kila hatua: inataka mkono mmoja au miwili, kusimama au kukaa, kuona kwa karibu, kusikia, kubeba kilo ngapi. Mbele ya kila hatua weka jibu moja kati ya matatu: anaweza, anaweza pakiwa na mabadiliko, hawezi. Mara nyingi mtakuta "hawezi" ni hatua moja au mbili, ambazo mwenzake kazini anaweza kubadilishana naye. Hiyo ndiyo karatasi ya kwenda nayo kwa mwajiri, badala ya barua ya kuomba huruma. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mkumbusheni kwa heshima, lakini mkumbusheni.

Mengine nayataja kwa kifupi, si kwa kuwa ni madogo.

Mtu asiyeona mtajie jina lako unapofika na muage unapoondoka. Mpe kiwiko chako akishike. Usimburute mkono wala usiguse fimbo yake nyeupe.

Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu pia, si tatizo la ngozi tu. Mpeleke kliniki ya macho kabla ya kupanga mafunzo. Kazi ya kuuza juani saa 6 mchana si mpango, hata kama ana kofia pana na mafuta ya kukinga jua.

Mwenye kifafa asiwekwe kwenye jiko la mkaa lililo wazi, kisima au ngazi ndefu. Dawa zisikatishwe ghafla. Akidondoka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5, hospitali.

Aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, akipatwa ghafla na kichwa kinachogonga na jasho usoni, mkalishe wima na tazama kama mkojo umeziba. Hiyo ni dharura, na mkiuliza habari za ajira wakati huo mnaweza kumpoteza.

Aliyeumia karibuni ana msiba. Msimwambie ashukuru Mungu. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, sumu ya panya na viuatilifu viondolewe nyumbani, na apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Msiahidi kitimwendo, mkopo wala mguu bandia msioushika mkononi.

Najua kwamba makosa haya hamkuyabuni ninyi. Mmekulia katika jamii inayomfungia mtu chumba cha nyuma wageni wakija. Halmashauri zinatenga mikopo, na asilimia 2 ya mapato yao ya ndani imewekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, lakini ndugu akibeba jina na kitambulisho cha mtu, fedha zinaweza kufanya kazi asiyoijua mwenye jina. Mshauri akiwa amezoea kuongea na ndugu tu, hatagundua kamwe. Majengo nayo yanajengewa njia ya mteremko ya kupigia picha. Kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Fundi akijenga sentimita 60, kitimwendo kitabinuka kwa nyuma, na anayelaumiwa ni aliyebinuka. Chukueni futi kamba kwenye kila ziara. Pimeni mlango, ngazi na urefu wa meza.

Kwenu wakufunzi, nina maombi machache na nayasema kwa upendo na kwa ukali pia. Acheni kuwatunuku vijana vyeti kwa kukariri aina za ulemavu. Mtihani wa vitendo uanze kuhesabiwa mlangoni: alimsalimu nani, alikaa wapi, swali la kwanza alilielekeza kwa nani, alisubiri muda gani. Akishindwa hapo arudie, hata kama mpango wake ni mzuri kwenye karatasi. Kila mpango ufuatiliwe baada ya wiki 2, mwezi 1, miezi 3 na miezi 6, na mwanafunzi aone mwenyewe palipovunjika. Darasani waleteni watu wenye ulemavu wafundishe na kutoa alama, si kuja kusimulia machungu yao ili vijana walie. Vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, vipo na wanachama wake wanajua kazi hii kuliko vitabu vyenu. Malipo yao yaingie kwenye bajeti ya mafunzo tangu mwanzo, kwa kiwango kile kile anacholipwa mkufunzi mgeni mwingine yeyote, na gharama za mkalimani, msaidizi na usafiri zihesabiwe kando, zisikatwe kwenye posho yao.