Mji Ulioshuka Kutoka Mlimani

Pasua, Moshi
3 Agosti 2025

Mpendwa Mama Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, ila baridi ya Julai ilitukamata barabara, hadi wajukuu wakagoma kuoga. Sasa jua limeanza kurudi na asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana yote. Mpe pole shemeji kwa goti lake. Mwambie mafuta ya karafuu nitamletea, asihangaike na ya dukani.

Habari za Rehema zilinichekesha kwanza, kisha zikanikera. Eti mwenzake wa chuoni, kijana wa Kibosho, anamwambia yeye si mtu wa Moshi kwa kuwa si Mchaga na kwao hakuna kihamba, yaani shamba la ukoo kule mlimani! Na wewe mtoto alipokuuliza "Mama, kwani sisi wa wapi?" ukamjibu kwa mkato, "Sisi wa Njoro." Jibu ni la kweli, mtaa wa Njoro uko hapahapa Moshi, lakini halimtoshi kwenda nalo chuoni. Niachie mimi. Mimi ni Mchaga wa Old Moshi, kihamba ninacho na migomba yake, kwa hiyo hakuna atakayesema najipendelea. Mpe asome mwenyewe.

Rehema mwanangu, hizo Moshi ziko mbili, na huyo kijana amezichanganya.

Moshi ya kwanza ni ya juu, kwetu, kule kwenye mabonde na mifereji, Kidia na Tsudunyi. Hiyo ndiyo Moshi ya Mangi, yaani mtawala wa Kichaga, Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Rindi alikuwa mjanja wa siasa. Misafara ya pwani ilipita kwake, wamisionari Waingereza wa shirika la CMS aliwapokea mwaka 1885, na Wajerumani walipofika alifanya nao urafiki hadi wakampigia adui yake, Mangi Sina wa Kibosho, mwaka 1891. (Hapo unaweza kumkumbusha huyo rafiki yako wa Kibosho, lakini kwa upole.) Mwaka huohuo Rindi akafariki, na mwanawe Meli akakalia kiti.

Meli hakuwa mtu wa kubembeleza. Juni 1892 watu wake waliwapiga Wajerumani na kamanda wao, von Bülow, akafa. Agosti mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi, Meli akashindwa, boma la Wajerumani likasimama palepale kwake. Machi 2, 1900 wakamnyonga. Siku hiyo walinyongwa pia Mangi Ngalami wa Siha, Molelia wa Kibosho na viongozi wengine. Wazee wetu wanasema kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake unakidai hadi leo. Mimi nimekua nikioneshwa ule mti walionyongewa, na kila tulipopita bibi yangu alipunguza sauti kana kwamba msiba ulikuwa wa juzi.

Kwa hiyo wakati huo mtu akisema anakwenda Moshi, alimaanisha kupanda. Huku chini, alipozaliwa mama yako, palikuwa poriporini: wanawake wa mlimani walishuka kulima mahindi na kukata majani ya ng'ombe, wakapanda nayo kichwani kabla jua halijazama. Kulala tambarare hakuna aliyetaka. Huku kulikuwa na homa na mbu, na mzee wa Kichaga aliyejiheshimu hakuona sababu ya kuacha baridi yake na maji ya mfereji ili akaumwe na mbu.

Kilichobadilisha mambo ni reli, na reli ilianzia huko mliko nyie sasa. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyoianza ikaishiwa fedha, serikali yao ikabidi iichukue, na kazi ikaenda kwa kusuasua: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na huku ikafika mwaka 1911. Kilometa 352 kwa miaka 18! Na ilipofika haikuwa na namna ya kupanda migombani. Ikaishia tambarare, kikajengwa kituo, na serikali ikashusha ofisi zake zikae karibu na kituo. Jina nalo likashuka. Wajerumani wakaiita hii ya chini Moshi Mpya, baadaye "Mpya" ikadondoka, na sisi wenye jina tangu asili ndio tukabaki tunaitwa Old Moshi, kama mke mkubwa. Nalisema kwa utani, lakini wazee wengine wa kwetu bado linawauma.

Sasa uliza: katika huo mji mpya wa tambarare, nani alikuwa analala pale usiku? Mchaga hakulala pale. Waliolala ni waliokuja na reli au walioifuata. Vibarua waliolaza mataruma, mafundi, wapiga makaa wa injini, askari waliomaliza mkataba, wapishi, madobi, makarani waliojua kuandika, wachuuzi wa pwani, na Wahindi waliofungua maduka. Wamanyema, ambao asili yao ni Kongo, wameacha jina lao kwenye soko. Hata leo konda anakushusha Manyema na hakuna anayejiuliza Manyema ni akina nani. Babu yako mzaa mama alikuwa humohumo. Alikuja kutoka upande wa Muheza na jembe la reli mkononi, akapewa kota, akaoa, akazika watoto wake wawili hapa na kuwalea wengine watano. Kiswahili kilikuwa lugha ya huu mji tangu siku ya kwanza kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ambayo watu hao wote wangeweza kuombana chumvi.

Vita ikaja. Waingereza walitoka upande wa Kenya wakiunganisha reli kutoka Voi kupitia Taveta, na Machi 1916 wakauchukua mji. Baadaye njia ikaendelezwa hadi Arusha, mwaka 1929. Kila hatua ilileta watu wengine, na Waingereza, kama kawaida yao kila mji, wakapanga watu kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa juu penye upepo na miti, huko ambako leo ni Shanty Town, mtaa wa matajiri wenye jina la vibanda. Wahindi walikaa katikati, kwenye zile nyumba za duka chini na familia juu. Waafrika wakapewa Majengo, Njoro, Kaloleni na kando ya reli. Majengo na Kaloleni utazikuta pia Arusha, Nairobi na Mombasa. Waliohamahama na kazi walijua kabisa kwamba wakishuka kwenye treni mji wowote, wakiuliza Majengo iko wapi, watapata pa kulala na mtu wa kwao.

Na Wachaga je? Hapa ndipo patamu, maana watu hudhani tuliachwa nyuma. Hatukuachwa, tulikuwa na kahawa. Mwenye kihamba chenye kahawa hakuwa na haja ya kupanga chumba mjini ili awe kibarua wa mtu. Walowezi hawakupenda Mwafrika alime arabika, wakapiga kelele sana, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, wakiongozwa na Joseph Merinyo, mtu wa kwetu Old Moshi. Kutoka hapo ikazaliwa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, mwaka 1933. Sisi mjini tuliingia mchana, na kahawa mgongoni. Tulipeleka mzigo, tukachukua fedha, tukanunua chumvi na kitambaa, jioni tukapanda. Jengo la KNCU pale karibu na mnara wa saa ndilo lililokuwa kanisa letu la siku za kazi. Baba yangu alivaa koti kwenda pale, koti hilohilo la Krismasi.

Ushirika huo ulikuwa na nguvu kiasi kwamba nchi ilipopata uhuru, Chuo cha Ushirika kilijengwa hapahapa Moshi, mwaka 1963. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika wa mazao, na ingawa vilirudishwa miaka ya themanini, ule ukali wake haukurudi. Lakini bodi ya kahawa iko hapa, na mnada wa kahawa umekuwa ukifanyika hapa miaka nenda rudi.

Tazama basi mitaa ya katikati ya mji. Kuna Rindi Lane. Kuna barabara ya Rengua, mangi wa Machame. Kuna Kibo, kuna Mawenzi. Vibao hivyo vinamtaja mtu wa mlimani au mlima wenyewe. Ukiusoma mji kwa vibao vyake utadhani mangi ndio walioujenga, wakati Rindi alikufa miaka 20 kabla treni haijafika, na mahali ilipo barabara yake pengine hakuwahi kukanyaga ila kwa kuwinda. Fundi wa reli hana kibao. Dobi hana. Mama aliyeuza vitumbua kituoni alfajiri, treni ya Tanga ikiingia, hana. Sisemi vibao ving'olewe, Rindi ni wetu na najivuna naye. Nasema tu kwamba huyo kijana wako anasoma vibao.

Wachaga tulianza kulala mjini kwa wingi vihamba vilipoanza kumegeka. Baba ana ekari moja, ana wana wanne, unagawaje? Wa kwanza anabaki, wa mwisho anarithi nyumba ya mama, wa katikati wanatafuta maisha: Dar es Salaam, Arusha, au huku chini. Ndipo viwanda vikaja, kiwanda cha magunia na cha viberiti, hospitali ya KCMC ikafunguliwa mwaka 1971, na mji ukavimba. Pasua, Soweto, Msaranga, Kiboriloni upande ule wa njia ya Himo, kote kukajaa. Baba yako, Rehema, alicheza mpira uwanja wa Memorial, ambao jina lake kamili ni la King George, na sasa pale Memorial watu wanakwenda kuchambua mitumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 184,292 katika manispaa. Wengi wao, ukiwauliza "kwenu wapi," watakutajia Marangu, Rombo, Machame, Uru. Desemba wanapanda wote, mji unabaki mtupu, maduka yamefungwa. Wanaobaki ndio wenyeji.

Unanielewa? Krismasi nenda Njoro, nenda Majengo, utakuta watu wako majumbani kwao, kwa sababu hawana "kwao" kwingine pa kupanda. Mimi mwenyewe nimeishi Pasua zaidi ya nusu ya umri wangu na bado nikifa nitazikwa migombani Old Moshi. Bibi yako amezikwa hapahapa mjini, na mumewe, na wale watoto. Kwa kipimo chetu sisi Wachaga, mtu ni wa pale yalipo makaburi yake. Basi mwambie kijana wa Kibosho apige hesabu hiyo mwenyewe.

Ila usiende na kiburi. Aliyelima mahindi hapa kabla ya reli naye alikuwa na haki yake, na hakuna aliyemwuliza ardhi ilipochukuliwa na kupimwa viwanja. Hilo ni deni la Wajerumani na Waingereza, si la babu yako aliyepewa nyundo na kuambiwa gonga.

Mama Rehema, nimeandika mengi, mkono unauma. Nina maombi mawili. Kaka yako mkubwa ana picha ya mzee akiwa na wenzake wa reli mbele ya kituo, ile iliyokuwa sebuleni kwenu juu ya redio. Mwambie aipige kwa simu anitumie, na pamoja nayo aniandikie majina anayoyakumbuka kabla hayajampotea. Kuna mwalimu hapa anakusanya picha za mji kwa ajili ya wanafunzi wake, ana za mangi tele, za watu wa reli hana hata moja.

La pili, Desemba msije kwa basi. Treni ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019 baada ya kimya cha zaidi ya miaka 20, na najua kutoka Tanga mtalazimika kuunganisha njiani, ni usumbufu, lakini fanyeni hivyo mara moja kwa ajili ya Rehema. Nitawapokea kituoni. Kitanda kipo, na mtori nitaupika bila kuweka pilipili nyingi kama safari ile.

Msalimie shemeji na majirani wote wa Chumbageni.

Wako,
Eliakunda, Mama Upendo