Boya, gavana na kongosho: mbona watoto wanafundishwa kama vitu vitatu?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi friji hapa Mwanza, kazi hii nimeifanya miaka mingi tu na sio mtu wa kuandika andika magazetini, ila juzi nimekutana na kitu kimenikera nikasema hiki hapana, lazima nikiseme. Binti yangu yuko form three, alikuwa mezani na daftari la bayolojia, topiki ya regulesheni. Anakariri kabisa, macho kafumba kama anaghani: mwili unatunza hali yake ya ndani isiyumbe hata kama nje kunabadilika, afu orodha, joto, sukari, maji, chumvi. Nikamuuliza mwanangu maana yake nini hiyo? Akanijibu baba sijui, ila inatoka kwenye mtihani.

Basi nikamwambia njoo. Nilikuwa na friji la mteja uani nimeshalifungua, nikamwonyesha themostati, kile kibomba chembamba kama waya wa breki ya baiskeli. Nikamwambia humu ndani kuna gesi kidogo, friji likipata joto gesi inatanuka inasukuma kiwambo, swichi inashika, kompresa inawaka, likipoa gesi inasinyaa swichi inaachia, kompresa inazima. Hamna kompyuta humo wala mtu wa kukaa anaangalia. Akaitazama kama dakika nzima afu akasema, kumbe hii ni kongosho!

Mhariri nilifurahi mpaka nikasahau spana iko wapi. Kwa sababu ndo yenyewe. Ukila ugali sukari inapanda kwenye damu, kongosho linaisikia lenyewe, linamwaga insulini, misuli na ini vinaivuta sukari inashuka. Ukifunga mpaka jioni sukari ikianza kushuka kongosho hilo hilo linatoa glukagoni, ini linafungua stoo. Tena kongosho limelizidi friji, maana friji lina mkono mmoja tu, linajua kupooza, kupata joto linategemea mlango wenu mnaouacha wazi mkichagua soda. Kongosho lina mikono miwili, wa kushusha na wa kupandisha.

Sasa swali langu, kwa nini mwalimu wa fizikia anafundisha themostati, wa bayolojia anafundisha kongosho, wa jiografia anafundisha ziwa, na hamna hata mmoja anayemwambia mtoto kwamba jamani hiki ni kitu kimoja? Boya la tanki la choo ni kitu hicho hicho (vijana najua mnacheka mkisikia boya, lakini boya huyu ana akili kuwazidi wengi, maji yakijaa anafunga mwenyewe bila kuambiwa). Gavana ya mashine ya kusaga, kile kidude kinacholinda mwendo wa injini, ni kitu hicho hicho. Ukimwaga debe la mahindi injini inalemewa, inapunguza mwendo, gavana inasikia inaongeza dizeli. James Watt kule Uingereza alifunga gavana kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, mipira miwili ya chuma inayozunguka, injini ikikimbia sana mipira inaachana kwenda nje inabana mvuke, na wenye mashine za kusaga za upepo walishakuwa na kitu cha namna hiyo hata kabla yake. Yaani historia yenyewe imeanzia kwenye unga.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu sio hicho tu. Kuna jambo mafundi wote tunalijua na halimo kwenye daftari la binti yangu, nalo ni kuchelewa. Kifaa cha kujirekebisha kikipata taarifa kwa kuchelewa afu kikarekebisha kwa nguvu, hakitulizi kitu, kinavuruga zaidi. Aliyekaa karibu na mashine ya kusaga ambayo gavana yake imelegea anaijua ile sauti, vuuum inapanda, vuu inashuka, vuuum inapanda tena, mzigo haujabadilika ila injini inahangaika yenyewe kwa yenyewe. Spring imechoka, viungo vinakwama, kwa hiyo dizeli inaongezwa wakati injini ilishajiinua zamani. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, yule yule wa umeme na sumaku, alikaa akapiga hesabu za hizi gavana aonyeshe ni hali gani injini itatulia na hali gani itayumba. Mtu mkubwa kama yule, kahangaika na gavana! Na sisi tunadhani ni mambo ya mafundi wa gereji.

Wateja wangu wananifanyia hivyo hivyo kila wiki. Mama kanunua samaki kilo kumi, kaweka kwenye friji, anazungusha kitufe mpaka 7 ili vipoe haraka. Mama yangu, kompresa ya friji la kawaida ina mwendo mmoja, 7 haiipi mbio, 7 inaiambia tu usizime mpaka pawe na baridi kali. Usiku mchicha umekuwa barafu, asubuhi anarudisha 1, jioni maziwa yamechacha, ananipigia fundi friji lako bovu. Friji halina shida, gavana mbovu hapo ni mkono wake. Kuna wakati kusubiri ndo dawa, ndo maana tunafunga frijigadi, umeme ukikatika ukarudi kile kidude kinasubiri dakika kadhaa ndo kinaruhusu kompresa iwake, mgandamizo ndani uwe umeshajisawazisha. Watu wanaona kama kimekufa wanakichomoa! Kimeshikilia makusudi bhana, mwache apumue.

Nilidhani haya ni ya friji tu mpaka yakanifika nyumbani. Mama yangu mzazi ana sukari. Siku moja mchana baada ya kula kapima kakuta 16, akaogopa. Jioni akameza vidonge mara mbili ya dozi yake na chakula cha usiku akaacha, bila kuambia mtu. Saa tisa usiku tunasikia anaongea maneno hayaeleweki, jasho kama kamwagiwa maji, mikono inatetemeka, kupima 2.8. Tukamnywesha maji ya sukari, kwa hofu tukaweka vijiko sijui vingapi. Asubuhi 15. Yaani ile vuuum vuu vuuum, safari hii ndani ya mwili wa mama yangu. Ile 16 ilikuwa taarifa ya wali wa mchana, kidonge nacho kinafanya kazi masaa mengi, kwa hiyo alikuwa anapigana na sukari ambayo mpaka usiku huo ilishaanza kuondoka yenyewe. Nesi alipomweleza kwamba dozi habadilishi mtu mwenyewe kwa kipimo kimoja hakuelewa, alivyoelewa ni nilipomwambia mama, umefanya kama wale wanaozungusha friji namba 7. Akacheka, sasa hivi anaandika namba zake kwenye daftari anampelekea daktari aone wiki nzima.

Na tukitoka nje ya nyumba, si tunakaa kando ya ziwa? Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja, ndo inaanzia Nile. Zamani pale palikuwa na mwamba, maporomoko ya Ripon, na ule mwamba ulikuwa ndo gavana ya ziwa: maji yakipanda yanapita mengi juu yake, yakishuka yanapita machache. Bwawa la umeme la pale Jinja lilipofunguliwa 1954 mwamba ukazama, kazi yake ikapewa watu, wakakubaliana maji yawe yanaachiwa kwa kiasi kile kile ambacho mwamba ungeruhusu. Yaani waliandika tabia ya jiwe kwenye karatasi wakaahidi kuifuata. Miaka ya 2005 na 2006 ziwa likashuka vibaya, ukame ulikuwepo kweli, ila maji pia yalikuwa yanaachiwa kupita makubaliano maana umeme ulihitajika. Na ziwa ni kubwa mno, kosa la leo unaliona baada ya miezi. Afu 2020 likapanda mpaka kufika ile alama ya 1964 na kuipita kidogo, wenye nyumba na vibanda ufukweni wanakumbuka. Jiwe halina haraka wala haliombwi umeme, watu wanaombwa kila siku, sisemi waliondoe bwawa, nasema tujue tulichobeba.

Nyumbu wa Serengeti nao hamna anayewashikia kitufe. Ugonjwa wa sotoka ulipoingia miaka ya 1890 uliwapiga wao na ng'ombe. Baadaye ng'ombe wakachanjwa, nyumbu wakapona bila kuchomwa sindano hata moja, kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapita 1,300,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Afu hawakuendelea kupanda hivyo, kwa sababu majani ya kiangazi hayatoshi. Majani ndo boya lao. Na kwa kuwa waliyala sana, moto wa mbugani ukapungua, miti ikaota zaidi. Ukigusa sehemu moja inaenda kujibu huko ambako hukutarajia.

Moja ya mwisho ambayo binti yangu kaisema mwenyewe, sikumfundisha. Umeme wa gridi unatakiwa ukae kwenye mizunguko 50 kwa sekunde, kituo kikubwa kikizimika ghafla ile 50 inaanza kushuka, wanakata baadhi ya maeneo haraka ili gridi nzima isianguke. Akaniambia baba, mtu akipigwa na baridi kali mwili unapunguza damu ya vidole ili moyo na ubongo vibaki na joto, kwa hiyo vidole vinakatiwa umeme. Mgao wa vidole! Nimesoma mpaka darasa la saba mimi Mhariri, lakini hapo nilijua kaelewa.

Binti alienda kutafuta lile neno la topiki yake, regulesheni, kwenye kamusi akapata udhibiti, akaona kama ni mambo ya mamlaka na faini. Ukisema udhibiti mtu anawaza EWURA ya nishati na maji na LATRA ya usafiri wa nchi kavu, na sio vibaya sana, maana hata bei kikomo ya mafuta inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi ni themostati, ila inayochungulia mara moja kwa mwezi. Mimi napenda tuseme kujirekebisha, mtoto anaelewa papo hapo.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye ule ukurasa wenu wa wanafunzi wekeni mchoro mmoja, boya, gavana, themostati, kongosho na ule mwamba wa Jinja, vyote kwenye karatasi moja, mishale iende na kurudi. Mchoraji wenu kama hajawahi kuona themostati ndani ikoje, ninazo mbovu kama ishirini kwenye kopo, nitamletea na bisibisi afungue mwenyewe.

Fundi friji,
Mwanza