Vigaga miguuni kwa farasi: acha kuosha kila jioni

Tangu mvua zianze simu yetu haipumziki jamani, na karibu kila anayepiga, awe yuko Karen, Langata ama huko Ngong, anasema kitu kilekile, "farasi wangu ana vidonda nyuma ya mguu hapo juu ya kwato, tumeosha tumeosha haviponi." Sasa hiyo "tumeosha tumeosha" ndio imetufanya tuandike, kwa sababu mara nyingi kuosha kwenyewe ndio kunaendeleza shida.

Iko hivi. Ngozi ya hapo nyuma juu ya kwato ni laini na ina mikunjo, farasi akishinda kwenye tope inalegea kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa, alafu udongo wetu mweusi ule unaonata unaichubua kidogo kidogo bila wewe kuona. Hapo bakteria wanapata mlango. Wako wa aina nyingi lakini mmoja anasumbua sana, Dermatophilus congolensis, na hilo jina ni la Congo kweli maana alielezwa kwa ng'ombe wa huko mwaka 1915. Huyu mbegu zake zinalala ndani ya kigaga kikavu hata miezi mingi, zikipata maji zinaamka na kuogelea hadi ngozi nyingine iliyochubuka. Kwa hivyo ukipiga mguu mpira wa maji kila jioni alafu ukamfungia farasi bandani bado amelowa, umeziamsha na umezipa usiku mzima wa kutembea.

Ugonjwa huu utaujua kwa kushika, usitegemee macho pekee. Pitisha kidole, utasikia vinundu vigumu, nywele zimegandana vishungi vishungi kama ncha ya brashi, na kishungi kikitoka chini yake kuna ngozi nyekundu yenye majimaji au usaha. Wenye miguu myeupe ndio wanaumia zaidi, na jua likiwaka baada ya mvua ile ngozi yao ya waridi inaungua juu ya kidonda.

Sisi tukija tunaanza na kunyoa nywele za hapo, wenye farasi wengi hawapendi kwa sababu ya urembo lakini bila kunyoa dawa haifiki na mguu haukauki. Alafu vigaga tunavilainisha kwanza, hatubandui kikavu, hiyo inauma vibaya na ndio maana wengine wanaanza kurusha mateke hata ukiwakaribia tu. Tunapaka shampuu ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 2 hadi 4, tunaiacha dakika 10 kamili tukiangalia saa (hapa ndio watu wanaharakisha, wanapaka na kumwaga maji papo hapo, dawa haijafanya kitu), tunasuuza, na kazi yenyewe sasa inaanza, KUKAUSHA. Taulo safi, moja kwa kila mguu, mpaka ndani ya mikunjo. Vigaga vilivyotoka okota uchome, usiviache kwenye maranda, na uvae glavu maana huyu bakteria anashika binadamu pia. Siku chache za kwanza ni kila siku, ukiona panakauka unapunguza. Kama hauna nafasi ya kukausha, ni afadhali uache tope likauke lenyewe ulitoe na brashi laini.

Ndugu zetu masaisi, nyinyi mnaotunza farasi, tunawaomba sana kwa hili: msimpake oili chafu ya gari, na msimnyunyizie dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi. Ng'ombe haimdhuru ikichanganywa vizuri lakini farasi inaweza kumsimamisha utumbo, anafunga choo, anagaragara na anaweza kufa. Soma kibandiko cha chupa kwanza, kila mara.

Na si kila kidonda cha mguuni ni hiki. Farasi mwenye manyoya mengi miguuni anayepigapiga chini usiku kucha pengine ana utitiri, na dawa yake ni tofauti. Kidonda kinachoota nyama na hakifungi, hasa wakati wa nzi, pia ni kitu kingine.

Mguu ukivimba kwenda juu, ukiwa wa moto, akichechemea, ama joto la mwili likipita 38.5, usitungoje sisi. Mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hapo anahitaji antibayotiki na dawa ya maumivu, na hizo ni za daktari kuandika.

Kwa hayo mengine tunakuja mpaka bandani. Kabla hatujatoka tutumie picha mbili, moja ya mguu mzima na moja ya karibu, mguu ukiwa mkavu, na utuambie umeshapaka nini, hata kama ni ile oili, hatutakugombeza, tunataka tu kujua tuitoe na nini.