Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kazi tunazozikwepa

Wamama na wababa wanachama, wa komuni za Katuba, Ruashi, Kenya na kwingineko Lubumbashi,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, sitazirudia. Mimi naeleza jambo lililotawala mikutano ya mwaka huu: hasara zetu nyingi hutoka kwenye kazi ambazo kila mtengeneza sabuni anazijua, ila anazikwepa kwa sababu zinamkera. Kupima, kupandisha bei, kudai.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mizani. Aliyezoea kupima kwa kopo huona mizani inamdharau. Lakini kilo 10 za mafuta ya mawese zinahitaji karibu kilo 1.41 za soda kostiki ili zigeuke sabuni zote. Ukitaka kubakiza asilimia 5 ya mafuta, sabuni isikaushe ngozi, weka kilo 1.34 na maji kilo 3. Kopo halitakupa hesabu hiyo: soda ya vipande na ya punje hazijazi kopo kwa uzito mmoja, na gunia lililoachwa wazi wakati wa mvua hunyonya unyevu na kupungua nguvu. Soda ikipungua, mche unabaki laini na wa mafutamafuta. Ikizidi, unachoma mikono. Ukifungua gunia, igawe siku hiyohiyo kwenye vidumu vinavyofungika vizuri.

Kila mpiko mpya sasa unapimwa mbele ya wenzako. Tone la finolftaleini, dawa ya kupimia soda, likigeuka rangi ya waridi iliyokolea juu ya mche uliolowanishwa, soda bado imo. Ni afadhali uaibike mkutanoni kuliko muuzaji wa sokoni akurudishie katoni nzima.

Mpiko wa kilo 10 za mafuta hutoa kama kilo 14.3 za sabuni mbichi, yaani miche 35 ya gramu 400. Ndani ya wiki nne maji yanatoka, upesi wakati wa kiangazi, polepole mno Januari, wakati wa mvua. Aliyepanga bei ya kilo kwa sabuni mbichi amehesabu maji. Pima miche mitatu ileile kila wiki, andika, na bei uijenge juu ya uzito wa mwisho.

Soda tunailipa kwa dola, sabuni tunaiuza kwa franka. Anayengoja jirani apandishe bei kwanza huishia kupunguza mafuta, na mteja anagundua siku ya kufua. Tangaza wiki moja kabla, taja bei mpya mara moja, kisha nyamaza. Maelezo marefu yanaalika mabishano. Wapo watakaoondoka, waache. Na dola ikishuka, bei ishuke vilevile.

Madeni ndiyo yanayouma zaidi, hasa ya shemeji. Andika tarehe na kiasi kwenye daftari, mdaiwa atie sahihi wakati anapokea mzigo, siyo baadaye. Mkumbushe siku moja kabla ya tarehe, maana ukikumbusha baada yake tayari ni ugomvi. Mzigo wa pili hautoki kabla ya wa kwanza kulipwa, na ndugu nao wamo kwenye kanuni hiyohiyo. Atakayetaka kumsaidia ndugu ampe sabuni bure kutoka fungu la nyumbani, aiandike kama zawadi.

Wapo waliodhani kuvumilia kero ni pamoja na kuchanganya soda bila glovu wala miwani. Hapana. Soda humiminwa ndani ya maji, kamwe siyo maji juu ya soda, kwani hufoka na kuruka usoni. Sufuria ya aluminiamu isiguse soda: inaliwa na kutoa gesi inayowaka. Hayo hayana ujasiri wowote ndani yake.

Mkutano ujao kila mmoja aje na daftari la madeni, na mche mmoja uliokauka wiki nne. Mizani mbili za chama ziko kwa mweka hazina. Anayeazima airudishe kabla ya Jumamosi, wenzake wanaisubiri.