Lile faili la kuchapa bado unalo?

Assalam alaykum yakhe Athmani,

Hujambo wewe, hawajambo nyumbani, mguu wa mama je? Sisi Amu tuko, kusi limekaza na mashua za Mokowe zinaruka kama mbuzi, lakini tuko. Najua ni mwaka na kitu sijakuandikia, na wewe pia hujaniandikia, kwa hivyo hapo hakuna wa kumlaumu mwenzake. Nakuandikia kwa shida. Nasema mapema usije ukasoma mpaka katikati ukidhani umekumbukwa.

Kompyuta ya duka la Mzee, lile la vifaa vya ujenzi, imekufa. Ile ya Langoni, ile nyeupe iliyogeuka manjano. Jumanne asubuhi Mzee kabonyeza, ikalia kama kuku anayetaga, kisha kimya. Nilipoifungua ndani ni kutu tupu, unaijua chumvi ya huku haichagui. Diski alhamdulillahi ilisomeka, faili la madeni nimelitoa zima, nimelihesabu mara tatu. Kuna wateja walikuja kutoa pole mbiombio, wakauliza "na madeni je, yamepotea?" kwa huruma nyingi sana, walipoambiwa yapo nyuso zikashuka.

Mzee kanunua laptopu mpya. Nikaitia programu yetu ya madeni, lile lile faili moja, megabaiti hazifiki kumi na kila kitu kimo humo humo, hakuna cha kuinstoli. Kwanza antivairasi ikaikamata ikaifungia, manake faili kama hilo haijawahi kuliona maishani mwake, ikaona salama ni kuliita vairasi. Nikaitolea dhamana. Ikafunguka! Kitu tulichokiandika 2009 kwa lugha ya Tcl, toleo la 8.5, kinafunguka kwenye mashine ya leo, madeni yote yamejipanga. Maandishi yana ukungu kidogo, Tk ya zamani zile, ile sehemu ya Tcl inayochora madirisha, haizijui skrini hizi zenye vidoti vingi, kompyuta inaivuta picha tu kama mpira. Lakini ilifunguka. Mzee akapiga kofi, "Mtekenyo yu hai!" Bado anaiita hivyo, tangu siku ile ulipomwambia jina la Tcl Wazungu hulitamka kama kutekenya.

Sasa shida ni kuchapa. Programu ya dukani inafungua LPT1, lile tundu la printa za zamani, kama vile ni faili, inaandika humo, na printa ya utepe inakereza. Laptopu mpya haina hata tundu la LPT, na printa aliyouziwa Mzee ni hizi ndogo za karatasi ya joto, za USB. Ndipo nikakumbuka wewe 2016 uliandika chapa.tcl kwa ajili ya duka la shemejiyo, lile lililofungwa, na pale mlikuwa na printa kama hii hii. Mimi kwangu halipo. Nimetafuta flashi zote, nimepata picha za harusi ya Kijego na nyimbo za taarab lakini chapa.tcl hapana. Kodi ya dukani yenyewe (si kodi ya serikali, hiyo haipotei) nimeifumua kwa sdx, ile zana ya kufungulia mafaili yetu kama haya, nayo ikatoka nzima kama tulivyoiacha, hata maoni yetu yamo. Kuna mstari uliandika "HAPA USIGUSE". Nimegusa. Hakujatokea kitu.

Lakini si hilo tu lililonikalisha kuandika, kama ni faili tu ningepiga simu. Ni mjukuu wake Mzee. Amerudi kutoka Nairobi na digrii yake ya kompyuta, kijana mzuri, mwenye adabu, shikamoo haimpiti, akakaa kando yangu akaangalia ninavyofumua, akauliza, "Baba mdogo, hii ni lugha gani?" Nikamwambia. Akasema hajawahi kumwona mtu akiiandika. Hajawahi kumwona, Athmani! Kama vile ananambia habari za dodo, yule ndege aliyetoweka duniani.

Basi nikapandwa kidogo. Nikamwambia hiyo databesi iliyo kwenye simu yako mfukoni, SQLite, bwana Richard Hipp alipoianza 2000 ilikuwa ni kiungo cha kuongezea Tcl, na mpaka leo majaribio yake mengi yameandikwa kwa Tcl. Nikamuuliza lugha ya Python ulijifunzia wapi, akasema kwenye IDLE, ile programu ya kuandikia Python, nikamwambia madirisha ya IDLE hayo ni Tk, Python imeazima vyombo kwa jirani na hakuna anayemkumbuka jirani. Nikafungua gitk, dirisha la kuangalia historia ya kodi, kwenye laptopu yake mwenyewe, nikamwonyesha wish, injini ya Tcl na Tk, inavyozunguka pale chini. Hata hao wanaochora chipu za kompyuta, zana zao wanaziamrisha kwa Tcl. Ousterhout, aliyeitunga Tcl, alipewa tuzo ya ACM, jumuiya ya wataalamu wa kompyuta, 1997 kwa kazi hii, si mchezo wa barazani. Kijana akanyamaza. Nikaona nimeshinda.

Halafu akauliza kwa upole kabisa, "Na wewe ukisafiri, nani ataigusa?"

Sikuwa na jibu. Nikasema nitampigia Athmani. Akasema, "Athmani yuko Mombasa miaka saba sasa."

Tangu siku hiyo neno hilo linanizunguka. Manake mimi lugha kupungua watu sikuona ni kitu, nilijua. Tuliiona pamoja, kwanza watu walihamia kwenye wavuti, halafu wanaotaka madirisha wakaenda Python, wakaachwa wazee na wakaidi, na sisi tuko kwenye kundi la pili. Stallman, yule bwana wa programu huria, aliwaambia watu wasiitumie tangu 1994 na bado ikaishi, kwa hivyo nilijizoesha kutosikia. Lakini kuna duka hapa lina madeni ya nusu ya mji, nani kachukua saruji, nani boriti, nani chokaa na bado hajamalizia nyumba, na anayejua vile vyote vinavyofunguka ni mimi. Na wewe. Na wewe umehama. Na usinianze na mafundi wa majahazi wa Matondoni, najua ulimi ushakuwasha kunifananisha nao. Fundi wa jahazi watalii wanampiga picha. Mimi nani atanipiga picha?

Kijana alikuja na yake. Siku mbili kaandika ukurasa wa wavuti, mzuri wallahi, rangi zimetulia, jina la duka juu. Akauweka kwenye ile mashine ya akiba yenye gigabaiti mbili za memori, tukangoja brauza ifunguke, Mzee akaagiza kahawa, kahawa ikaja, ikanyweka. Kuandika deni la mifuko miwili ya saruji unabebesha mashine brauza nzima mgongoni! Na wanaotengeneza programu za dirisha siku hizi wengi wanafanya vivyo hivyo, wanafungasha brauza ndani ya kila programu, megabaiti mia na zaidi kwa kitufe na kisanduku cha kuandikia. Sisi kitufe chetu ni mstari mmoja, kukipachika mstari wa pili, basi. Kisha stima ikapotea, na hiyo siyo hoja kwa sababu stima ikipotea hata Mtekenyo analala, lakini nilifurahi.

Ila haki nimpe. Mzee anakwenda Mombasa kila mwezi kwa daktari na anataka kuona mauzo kwenye simu akiwa huko. Dirisha la Tk halimfuati kule. Hilo nililikwepa miaka kwa kumwambia "tutaona", na kijana amelitatua kwa jioni moja, kwa kusoma faili lile lile la SQLite letu bila kuuliza ruhusa ya Tcl. Hapo ndipo nikapumua kidogo. Lugha hata ikifa kesho madeni hayafi nayo, faili lolote la SQLite linasomwa na Python, na PHP, na mtoto yeyote aliyehitimu. Kitakachokufa ni ile kaunta, dirisha lenyewe, desturi zake. Kwamba ukibonyeza F2 anakuja mteja wa mwisho. Kwamba mwenye deni la zaidi ya miezi mitatu anageuka rangi ya chungwa. Hayo Mzee anayafanya kwa vidole bila kutazama, na ukimbadilishia leo atarudi kwenye daftari la karatasi, namjua.

Halafu nimepakua Tcl 9. Ilitoka Septemba 2024 na mimi nilikuwa siioni, unaona nilivyozembea. Tk yake inajua kuchapa yenyewe, ina amri ya tk print, tungekuwa nayo 2009 usingeumiza kichwa na LPT. Na unajua nini kimeondoka? Sifuri ya Agosti! Unaikumbuka Jumapili ile, tarehe 1 Agosti 2010, tumeiweka programu dukani tangu Februari, shwari kabisa, Ramadhani inabisha hodi watu wanakopa kama kesho haipo, na asubuhi Mzee anapiga simu Mtekenyo kagoma. Tukakesha. Wewe ukasema ni jini la mwezi wa nane, ukataka kuchoma ubani. Kumbe mwezi unatoka "08", sisi tunauongeza moja kwa amri ya incr, na Tcl ya wakati ule nambari ikianza na sifuri inaihesabu kwa mfumo wa nane, ambao hauna tarakimu ya 8 wala ya 9. Kwa hivyo Januari mpaka Julai salama, Oktoba mpaka Desemba ingekuwa salama, ni Agosti na Septemba tu ndio anaanguka. Tukaipitisha kwenye scan na %d, inayoisoma nambari kwa mfumo wa kumi, tukalala saa tisa za usiku. Basi kwenye 9 hilo hakuna tena, 08 ni nane. Nilijaribu nikacheka peke yangu, mke wangu akauliza kuna nini nikasema sifuri, akarudi kulala.

Ila kuhamia 9 nako kuna miiba. Njia za faili zinazoanza na ile alama ya wimbi (~) hazipelekwi tena kwenye folda ya mtumiaji, na sisi tuliipachika kila mahali. Usomaji wa herufi umekuwa mkali, faili la zamani likiwa na baiti isiyoeleweka linasimamisha kazi badala ya kufumbia macho, na lile faili la majina tulilolihifadhi ovyo ovyo wakati ule... hilo tuliache kwanza.

Nilichofikiria ni hivi. Kijana aendelee na ukurasa wake wa simu, wa kusoma tu, asiandike kitu. Kaunta ibaki Tk, niihamishie 9, na nimfundishe yeye. Ameshaanza, juzi kaandika maoni yenye bano lililopinda moja halijafungwa na prosija nzima ikavunjika, akaniangalia kama nimemroga. Nikamwambia karibu, hata mimi na Athmani tulilia hapo. Akicheka atabaki, akikasirika... sijui. Nikiona Tcl haimkai nitamwacha aiandike kaunta upya kwa Python na Tkinter, yaani Tk ile ile ndani ya Python, vitufe ni vile vile, Mzee hatajua. Naona uchungu kulisema hilo, lakini ndio ukweli.

Sasa nijibu. Laptopu yako ile ya 2016 bado unayo au umempa mtu? chapa.tcl limo? Na ile printa ya shemejiyo ilikuwa inapokea amri gani ya kukata karatasi, au ilikuwa haikati mlichana kwa mkono? Unakuja lini, Maulidi utakuwepo? Ukija unaweza kukaa na huyu kijana siku mbili, yeye mimi ananiheshimu mno haniulizi maswali ya kijinga, wewe atakuuliza. Na kweli wewe huandiki Tcl hata kidogo siku hizi, hata kiprogramu cha kuhesabu bando? Na mguu wa mama, nimekuuliza lakini jibu kweli.

Ndoo Amu yakhe. Na faili litume kabla ya Ijumaa, manake sasa hivi risiti Mzee anaziandika kwa mkono, na hati yake unaijua, jana fundi kaja kudai boriti arobaini na karatasi inasoma kumi na nne.

Wako,
Shee